Printa moja, watu 11: ninunue ipi, na hii tuliyonayo mbona inatusumbua hivi?

Swali: "Habari za kazi fundi. Ofisini tuko watu 11 na printa moja ndogo ya leza, nyeusi tupu, imechomekwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya dada wa mapokezi halafu sisi wengine tunaprinti kupitia kwake. Akizima kompyuta au ikilala hamna anayeprinti. Mwezi uliopita tumeletewa kompyuta mpya mbili, kila tukijaribu kuziunganisha zinaleta kosa 0x0000011b. Karatasi zinakwama karibu kila siku. Na juzi nimeikuta barua ya onyo ya mwenzetu imekaa tu juu ya printa, kila anayepita anaisoma. Bosi kanipa mimi kazi ya kutafuta printa mpya, yeye anataka ile ya wino yenye rangi na WiFi kwa sababu bei yake ndogo, mhasibu anasema tuchukue leza, na kuna mtu anatuuzia mashine kubwa ya fotokopi iliyotumika. Mi sio mtu wa kompyuta kabisa. Nichague ipi, na nifanyeje isije ikawa yaleyale?"

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndani yake kuna maswali manne na ni moja tu linalohusu kununua. Hayo matatu mengine, yaani kompyuta ya mapokezi, karatasi kukwama, na barua ya mwenzenu kusomwa na kila apitaye, ukinunua printa mpya leo jioni ukaichomeka palepale kwa namna ileile, kesho asubuhi unayo yote matatu. Kwa hiyo naomba nianze na hiyo mliyonayo, hiyo mpya tutaifikia, na tukiifikia utakuwa unajua cha kumuuliza muuzaji.

Printa ya USB haina habari na mtandao, inaijua kompyuta moja tu, ile iliyochomekwa. Nyie wengine mkibonyeza kuprinti, kazi inatoka kwenye kompyuta zenu inakwenda kwa dada wa mapokezi, inapanga foleni kwake, kompyuta yake ndo inaisukuma kwenye waya. Maana yake kompyuta ya yule dada imekuwa seva ya ofisi nzima bila mtu kukusudia, ikilala, ikizimwa, ikianza kujisasisha katikati ya kazi, wote mmesimama. Na tafadhali asilaumiwe, maana nimeona ofisi ambako huyu mtu wa mapokezi anaandamwa kila siku kwamba "kwa nini umezima", wakati anafanya anachopaswa kufanya kila mtu akimaliza kazi. Kwa leo, wakati mnajipanga, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya kompyuta yake uondoe kulala kwa saa za kazi, skrini iache izimike lakini kompyuta yenyewe ibaki macho. Hiyo ni ya kushikiza tu.

Sasa hilo kosa la 0x0000011b, nalo limewasumbua wengi sana na ushauri unaozunguka mtandaoni kulihusu sio mzuri. Mwaka 2021 ndo mwaka ambao sehemu ya Windows inayosimamia kuprinti ilionekana ina matundu, lile kubwa likaitwa PrintNightmare, kwamba mtu akishapata kijinafasi kwenye mtandao wa ofisi anaweza kuitumia huduma ya kuprinti kujipa mamlaka yote kwenye kompyuta. Microsoft wakaanza kukaza sehemu hiyo, na masasisho ya Septemba 2021 yakaifanya kompyuta inayoshea printa idai mazungumzo yaliyofungwa vizuri zaidi kutoka kwa kompyuta zinazoiomba. Moja ikiwa imesasishwa na nyingine bado, haziwezi kuelewana, na hapo ndo inatokea hiyo namba. Kwa hiyo sio waya, sio printa, na sio kwamba kompyuta zenu mpya ni mbovu.

Utamkuta mtu anakwambia ingia kwenye rejista ya Windows, yaani pale mipangilio ya ndani kabisa inapotunzwa, badilisha thamani fulani iwe sifuri, washa upya, kwisha kazi. Kweli itaprinti. Lakini hapo umeuondoa ulinzi uliowekwa makusudi kwenye kompyuta ambayo ofisi nzima inapitia, tena kompyuta ya mapokezi ambayo watu wengi huigusa. Mimi simshauri mtu yeyote afanye hivyo. Anza kwa kusasisha Windows kwenye kompyuta zote, ya dada kwanza halafu hizo mpya mbili, mara nyingi hiyo peke yake inatosha. Ikigoma, usipoteze wiki nzima hapo, maana dawa yenyewe ni kuacha kabisa kushea kupitia kompyuta ya mtu.

Ukitaka watu 11 waitumie printa moja kwa amani, printa yenyewe iwe na sehemu yake kwenye mtandao kama ilivyo kompyuta yoyote, kila mtu aiendee moja kwa moja. Geuza hiyo mliyonayo uangalie nyuma, karibu na tundu la USB. Kama kuna tundu la waya wa mtandao, lile la mraba ambalo kichwa cha waya kikiingia kinalia "tik", basi mna bahati, chomeka waya kutoka kwenye rauta, kile kiboksi kinachogawa intaneti, na nusu ya shida zenu zimeisha leo bila kununua chochote. Kama halipo, hilo ndo la kwanza kuandika kwenye orodha ya sifa za printa mpya.

Najua bosi kasema WiFi. WiFi sio mbaya, ila watu wanadhani printa ikiandikwa WiFi ndo imetengenezwa kwa ajili ya watu wengi, na sio hivyo. Printa nyingi za bei ndogo zinashika ile WiFi ya masafa ya GHz 2.4 tu, na hapo ofisini labda rauta ina majina mawili ya mtandao, au kuna mtandao wa wageni ambao umetengwa usione vifaa vya ndani, basi mmoja anaiona printa mwenzake wa meza ya jirani haioni na hakuna anayeelewa. Halafu kuna ile namna ya simu au kompyuta kuunganishwa na printa moja kwa moja bila rauta, hiyo ni ya watu wachache kwa wakati mmoja, sio ofisi ya watu 11. Printa haitembei, imekaa mahali pamoja mwaka mzima, ipe waya. WiFi iwe ya akiba.

Ukishaipa waya kuna jambo moja dogo ambalo likisahaulika ndo chanzo cha yale malalamiko ya "printa ipo, imewaka, lakini kompyuta inasema ofulaini". Rauta huazimisha anwani. Printa ikiwaka inaomba anwani ya IP, yaani namba ya kuipata kwenye mtandao, inapewa, kompyuta zenu zinaiandika. Umeme ukikatika ukarudi, vifaa vyote vinaomba upya kwa pamoja na printa inaweza kupewa anwani nyingine, kompyuta bado zinabisha hodi kwenye ile ya zamani ambako sasa hamna mtu. Dawa ni kuifungia printa anwani moja, kwenye rauta wanaita kutenga anwani, unaiambia rauta kwamba kifaa chenye namba hii ya MAC, ile ya utambulisho ambayo kila kifaa hutoka nayo kiwandani, kipewe anwani hii siku zote. Hiyo namba ya MAC utaiona kwenye ukurasa wa mipangilio ambao printa yenyewe inauprinti, upo kwenye menyu, au kwa zile zisizo na skrini unashikilia kitufe kwa sekunde kadhaa. Kisha kwenye kila kompyuta uiongeze printa kwa kuchagua njia iliyoandikwa TCP/IP na kuandika hiyo anwani, usikubali Windows ikuchagulie ile njia ya WSD, maana hiyo huitafuta printa upya kila mara na ikiikosa inakwambia haipo. Kazi yote hii ni kama nusu saa, na kama huna uhakika muombe aliyewafungia intaneti afanye hilo la rauta, kwake ni jambo la dakika tano.

Karatasi kukwama. Hapa naomba tukae kidogo.

Watu wengi wanaamini karatasi ikikwama printa imezeeka. Mara nyingi sana ni karatasi yenyewe au ni mpira mmoja mdogo. Ili uelewe, fuata karatasi inavyopita ndani. Kuna dramu, ni kama bomba dogo linalong'aa, kijani au bluu, linachajiwa umeme tuli juu ya ngozi yake yote. Mwanga wa leza unapita juu yake ukiandika, pale ulipogusa chaji inabadilika na unga wa tona unang'ang'ania hapohapo. Karatasi inapita chini ya dramu nayo ikiwa imechajiwa, inauvuta ule unga, lakini kufikia hapo unga umekaa tu juu, ukipitisha kidole unafutika. Ndo inaingia kwenye fyuza, rola mbili zinazobana, moja ina joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, unga ambao kwa asili ni plastiki unayeyuka na kugandamana na karatasi. Ndo maana karatasi inatoka na uvuguvugu.

Umeona karatasi inavyochajiwa na kuchomwa? Basi karatasi iliyonyonya unyevu inaharibu hatua zote mbili. Chaji inavuja kwa hiyo maandishi yanatoka hafifu, watu wanakimbilia kununua tona wakati tona ipo, halafu ikifika kwenye joto maji yaliyomo yanageuka mvuke ghafla, karatasi inajikunja, inatoka imepinda kama jani kavu, na ikiwa ni kuprinti pande mbili ndo inarudishwa ndani ikiwa imeshapinda, lazima ikwame. Cheki rimu zenu zinakaa wapi. Zikiwa sakafuni, au zimefunguliwa zote mbilimbili ziko wazi chini ya dirisha, mmeshapata jibu la nusu ya mikwamo. Ile karatasi ya nje ya rimu imepakwa kitu cha kuzuia unyevu, kwa hiyo fungua moja kwa wakati, zinazobaki zirudi kwenye kanga yake, ziwekwe kwenye rafu.

Halafu fungua trei yenu. Kuna vibanio viwili au vitatu vya plastiki vya kushika karatasi pembeni na nyuma, viguse karatasi bila kuikandamiza, vikiwa mbali karatasi inaingia kimshazari. Kuna alama ya mstari ya kiwango cha juu, usiipite. Na usitie karatasi juu ya karatasi chache zilizobaki bila kuzitoa zote kwanza, zipepeze, zigonge ziwe sawa, ndo urudishe.

Sasa huo mpira. Trei ikiwa nje, chungulia juu ya pale inapokaa, utaona rola fupi la mpira, upana wa vidole viwili hivi, ndo linalochukua karatasi. Printa ikiwa imezimwa, lipapase kwa kidole. Likiwa jipya linashika, unahisi kama linavuta ngozi. La zamani ni laini na linang'aa kama kokoto ya mtoni, na ukitoa kidole kina vumbi jeupe, hilo ni vumbi la karatasi. Chukua kitambaa kisichotoa nyuzi, kilowanishe maji kidogo tu kisidondoshe, lisugue huku ukilizungusha mpaka lirudie rangi yake, liache likauke. Nilishaitwa ofisi moja ambako walikuwa wameshatenga hela ya printa mpya, shida ilikuwa ni hili rola tu, nililisafisha siku hiyo halafu baadaye tukabadilisha pamoja na kile kipedi kilicho chini yake kinachotenganisha karatasi zisiingie mbili, na ile printa iliendelea kufanya kazi. Kwa hiyo kabla hujaihukumu hiyo yenu, ipe hiyo nafasi.

Na ikikwama, namna ya kuitoa ina maana kubwa. Izime, ngoja fyuza ipoe, dakika kumi na tano hivi, kuna mahali pana alama ya njano ya joto, usipeleke mkono hapo kabla. Toa katriji, yaani lile kasha la tona, shika karatasi kwa mikono miwili pande zote mbili, vuta polepole na kwa usawa kufuata njia inakoelekea. Ukivuta kwa kona moja kwa hasira inachanika, kipande cha ukubwa wa kucha kinabaki ndani, na hicho kipande ndo kitakwamisha karatasi zote za kesho, watu watasema printa imekufa. Kila ukitoa karatasi iliyochanika, iunganishe mezani uone kama imetimia. Usichokonoe na kisu wala bisibisi, dramu ikipata mkwaruzo mmoja utauona kwenye kila ukurasa mpaka ubadilishe. Pia dramu haipendi mwanga, ukiitoa ifunike na karatasi au nguo. Unga ukimwagika futa kwa kitambaa kikavu, nguo ioshe kwa maji baridi, ya moto yataugandisha, na usitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi kwa sababu unga ni mwembamba unapenya kichujio na kurudi hewani mkauvuta puani.

Haya, printa mpya.

Kabla ya kumsikiliza bosi, mhasibu au muuzaji, tafuta namba moja: mnaprinti kurasa ngapi kwa mwezi. Usiulize watu, hakuna anayejua, kila mtu anadhani yeye anaprinti kidogo. Ule ukurasa wa mipangilio niliousema, au ukurasa wa hali ya printa, una jumla ya kurasa zilizotoka tangu mashine izaliwe. Uprinti leo, andika tarehe, uprinti tena baada ya mwezi, toa. Kama huwezi kungoja mwezi, hesabu rimu mlizomaliza, kila moja ni karatasi 500. Tuchukue mfano kila mtu anaprinti kurasa 15 kwa siku, watu 11 ni 165, siku 22 za kazi ni 3,630 kwa mwezi. Sasa ona, ile katriji ndogo ya kurasa 1,000 inakwisha ndani ya siku sita za kazi. Na ile inayokuja ndani ya boksi la printa mpya mara nyingi haijajazwa kamili, kwa hiyo hata hizo siku sita unaweza usizifikishe.

Hapo ndo unaiona hesabu ya kweli ya "bei ndogo". Bei ya printa unalipa mara moja, tona au wino unalipa kila mwezi. Chukua bei ya katriji gawa kwa kurasa zake, ongeza bei ya dramu gawa kwa kurasa zake kama dramu inauzwa peke yake, hiyo ndo gharama ya ukurasa mmoja. Tuseme kwa namba tupu tu, katriji ya 100 inayotoa kurasa 1,000 na nyingine ya 200 inayotoa 3,000, hii ya pili inaonekana ghali lakini ukurasa wake umeshuka kwa theluthi nzima. Na hizo kurasa zilizoandikwa kwenye boksi zinapimwa kwa viwango vya kimataifa, kwa tona nyeusi ni ISO/IEC 19752, ambapo ukurasa wa kupimia una wino kama asilimia 5 tu ya karatasi, yaani barua fupi ya kawaida. Mkiwa mnaprinti majedwali yenye vivuli na nembo kubwa nyeusi juu, punguzeni matarajio.

Kuna namba nyingine muuzaji atakutajia kwa sauti kubwa, kiwango cha juu cha kurasa kwa mwezi, utasikia "hii inapiga kurasa 50,000". Hiyo ni kikomo ambacho mashine inaweza kuvumilia, sio mwendo wa kila mwezi. Muulize kiwango kinachopendekezwa, kipo kwenye karatasi ya sifa, na huwa ni kidogo mno kulinganisha na hicho. Chagua mashine ambayo matumizi yenu yanakaa vizuri ndani ya hicho kinachopendekezwa.

Je, wino au leza? Bosi wako hajakosea kabisa, na umwambie hivyo. Printa za wino zenye matenki ya kujaza kwa chupa zina gharama ndogo sana ya ukurasa, rangi ikiwemo, na zinakula umeme kidogo kwa kuwa hamna kuchoma karatasi. Shida ni kwamba wino ni maji, na unapita kwenye vitundu vyembamba kuliko unywele. Ofisi ikifungwa wiki kadhaa vinaweza kukauka, mnasafisha kichwa, kusafisha kunakula wino, na wino huo uliomwagwa unaingia kwenye sponji iliyo ndani ambayo ikijaa printa inagoma mpaka ibadilishwe. Zile za vikatriji vidogo vya bei rahisi ndo msiziguse kabisa kwa watu 11. Mkichagua ya wino iwe ya matenki, ya daraja la ofisi, yenye tundu la waya wa mtandao, na izimwe kwa kitufe chake, sio kwa kuchomoa ukutani, kwa sababu ikizimwa kwa kitufe kichwa kinarudi kwenye kifuniko chake kisikauke.

Leza inaweza kukaa mwezi mzima bila kuguswa, ukirudi inaprinti kama jana, maandishi hayafutiki kwa maji, na inakwenda kasi watu wengi wakituma kwa pamoja. Ubaya wake, fyuza ikipasha inavuta umeme mwingi kwa ghafla, mia kadhaa za wati mpaka kupita 1,000 kwa baadhi ya mashine, kwa hiyo msiichomeke kwenye matundu ya betri ya UPS ya kompyuta, mtaizidi nguvu, ipeni tundu lake ukutani. Leza ya rangi ni dramu na tona nne badala ya moja, na usipoiwekea kuprinti nyeusi kama kawaida, hata kijistari cha bluu chini ya anwani ya barua pepe kitakula tona za rangi.

Kwa hali uliyoeleza, mimi ningechukua leza nyeusi ya mtandao, yenye kuprinti pande mbili yenyewe, trei ya karatasi 250 au zaidi, inayokubali katriji kubwa, na yenye kuprinti kwa PIN. Rangi muulize bosi ni kurasa ngapi kwa mwezi zinazihitaji kweli. Zikiwa ishirini, zipelekwe kwa mtu anayeprinti nje. Zikiwa mia kadhaa basi hoja yake ina uzito, na hapo ya matenki ndo inaingia kihalali, hata ikiwa ya pili pembeni ya hiyo leza. Tona zisizo za mwenye chapa sizikatazi, zipo nzuri, ila kuna printa ambazo programu yake ikijisasisha inazikataa katriji za namna hiyo, uliza kabla. Na za kujazwa upya zikivuja, unga unaenda kila mahali ndani.

Ile mashine kubwa iliyotumika naiogopa kidogo kwa ajili yenu. Zenyewe ni imara, ukurasa wake ni rahisi, lakini zinahitaji fundi anayezijua na vipuri vinavyopatikana. Kama mnaitaka, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako aprinti ukurasa wa kaunta, yaani ule wenye jumla ya kurasa zilizotoka, muulize dramu na fyuza zimebadilishwa lini, halafu printi kurasa kumi ambazo nusu ya ukurasa ni nyeusi. Ukiona doa linajirudia, pima kwa rula umbali kati ya doa na doa. Dramu nyingi ndogo zina kipenyo cha milimita 24 au 30, ambayo mzunguko wake ni kama milimita 75 au 94, kwa hiyo doa likijirudia kila milimita 75 unajua ni dramu ndo ina kovu. Za mashine kubwa dramu ni nene zaidi na umbali unaongezeka, ila kanuni ni hiyohiyo, doa linalojirudia kwa umbali sawa linatoka kwenye kitu kinachozunguka.

Na mashine hizo nyingi zina diski ndani, inayotunza picha za kilichofotokopiwa. Mwaka 2010 CBS News ya Marekani walinunua mashine za fotokopi zilizotumika wakakuta kwenye diski moja taarifa za wagonjwa za kampuni ya bima ya afya iitwayo Affinity Health Plan, na mwaka 2013 kampuni hiyo ikakubali kulipa serikali dola 1,215,780. Kwa hiyo mkinunua, diski ifutwe, na siku mkiiuza nyie, ifutwe tena.

Tukiwa hapohapo kwenye siri, ile barua ya onyo imeniuma. Mtu aliyeandikiwa vile alistahili aisome yeye wa kwanza. Draiva, yaani programu ya kwenye kompyuta inayoongea na printa, kwa printa nyingi za ofisi zina sehemu ya kuprinti kwa PIN, unatuma kazi, inakaa ndani ya printa kimya, unakwenda mwenyewe unabonyeza namba nne, ndo inatoka ukiwa umesimama hapo. Wa mishahara na wa utumishi wawekewe hiyo iwe ndo kawaida ya kompyuta zao. Kama mashine yenu haina, mwenye barua za namna hiyo apewe kiprinta kidogo mezani kwake, ni gharama ndogo sana kulinganisha na aibu aliyoipata mwenzenu. Pia badilisheni nywila ya kuingilia mipangilio ya printa kupitia kompyuta, ile iliyokuja nayo mara nyingi inajulikana na dunia nzima, na fundi wa intaneti ahakikishe printa haionekani kutoka nje. Mwaka 2018 mtu mmoja alidai kuprinti ujumbe wake kwenye printa 50,000 za watu asiowajua, aliziona tu ziko wazi mtandaoni kwenye mlango wa mtandao namba 9100, ambao sio tundu la waya bali ni namba ambayo printa hupokelea kazi.

Fundi muiteni kama umesafisha rola, umebadilisha karatasi, na bado inakwama mahali palepale, au maandishi yanafutika kwa kidole baada ya kutoka, maana hapo fyuza haichomi. Ukisikia harufu ya plastiki kuungua au sauti ya meno ya gia kusagana, chomoa ukutani, usiwashe tena kujaribu. Akija, muwekee mezani ule ukurasa wa kaunta na karatasi tatu nne zilizokwama, usizitupe, zile mikunjo inamwonyesha ilikwamia sehemu gani kabla hata hajafungua mfuniko. Na hicho kitu uanze leo, weka bahasha pembeni ya printa, kila inayokwama iandikwe tarehe na trei iliyotoka, iingie humo.

Ukishapata jumla ya kurasa zenu za mwezi, niandikie pamoja na jina la modeli mbili tatu ulizoziona, tuzipigie hesabu ya ukurasa pamoja kabla hujalipa.